Barua Iliyotangulia Mkutano

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, tena nikiwa nimevaa joho.

Mnajua Mbegani tulikuwa tunatafuta jumbe mpya. Kilemba cha cheo hicho kinatakiwa na Mwinyi Shomari, na kinatakiwa na mjomba wangu, Mwinyi Haji. Mjomba ndiye aliyenilea, akanipeleka chuoni kwa mwalimu nikajua kuandika. Liwali, mtawala wetu wa Bagamoyo anayekifunga hicho kilemba, alitaka barua tu, imweleze watu wamemridhia nani. Na anayeshika kalamu Mbegani ni mimi peke yangu (na nilivyokuwa najivuna nayo).

Alhamisi kaja Mwinyi Shomari, kaniletea joho jipya. "Andika kabisa, mwanangu. Ya nini kungoja watu wapige kelele?" Nikaandika: watu wote wa Mbegani, wakubwa kwa wadogo, wamemridhia Mwinyi Shomari. Barua ikaenda. Mkutano wenyewe ulikuwa Ijumaa, baada ya swala. (Ndiyo, mmesikia sawasawa.)

Basi Ijumaa watu wakasimama upande wa mjomba, karibu mji mzima. Shomari kabaki na mashemeji wawili na mpishi wake. Mjomba akanishika bega, akawaambia watu, "Mwanangu ataandika alichokiona." Nikaitikia, "Inshallah, mjomba." Uso mkavu kabisa.

Leo asubuhi tukaitwa Bagamoyo, barazani kwa liwali. Kumbe liwali ana ada yake: barua husomwa kwa sauti na yule aliyeiandika. Nikapewa karatasi. Mjomba kaketi mbele yangu, anatabasamu.

Nikashindwa. Nikaikazia macho ile barua, nikasoma yasiyokuwemo: "Watu wa Mbegani wamemridhia Mwinyi Haji." Nikaongeza na wale mashemeji wa Shomari, na mpishi wake. Nilisoma vizuri, wallahi, mpaka kwa mahadhi.

Karani wa liwali alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Huyo mpishi yuko mstari wa ngapi?" akaniuliza.

Akaichukua, akaisoma yeye, neno kwa neno. Nikasema, "Bwana, niliyosema kwa mdomo ndiyo kweli. Barua ndiyo ya uongo."

Liwali akalitazama joho langu. Akamtazama Shomari, ambaye alikuwa anavuta tasbihi kama hayamhusu.

"Mdomo wako umeshageuka mara moja," akasema. "Karatasi haijageuka."

Kilemba akafungwa Mwinyi Shomari. Maisha yangu yote siku niliyosema kweli ndiyo hii, na ndiyo niliyoitwa mwongo. Watu wakaanza kutoka.

Nikamkimbilia mjomba mlangoni. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, karani," akasema, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Tangu nizaliwe mtu yule ananiita mwanangu. Kwa hiyo nawaombeni, msicheke. Na kama kuna anayelitaka joho, lipo ndani. Halina hata doa.