Ombi la Kuzuia Habari za Kongo Karibu na Karai Langu

Kambi ya Wakimbizi ya Nyarugusu,
Machi 2014.

Kwa Mzee Nestori, Mwenyekiti wa Kamati ya Soko,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona. Mimi ni yule msichana wa maandazi kando ya bomba la maji, ambaye ukimsalimia anaangalia chini. Nimeandika kwa sababu kusema siwezi.

Nawalalamikia wateja wangu wawili Watanzania kutoka kijiji jirani cha Makere: Mzee Shamsi muuza chumvi na Mzee Gharibu fundi baiskeli. Ni watu wema sana. Kosa lao ni kuniuliza habari za Kongo.

1. Kongo niliondoka nikiwa mgongoni kwa mama. Nilichokiona huko ni kitenge chake. Lakini kila siku ya soko Mzee Shamsi anapuliza chai, kisha: "Haya binti, huko kwenu waasi wamekwisha au wamejificha?" Nimesomeshwa kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa hiyo "sijui" ninayo kwa lugha mbili. Mbele ya mtu mzima haitoki hata moja. Naitikia kwa kichwa.

2. Mzee Shamsi aliuliza kama vita imekwisha. Nikaitikia. Mzee Gharibu akaja peke yake, akauliza kama vita bado. Nikaitikia pia, maana na yeye ni mtu mzima.

3. Walikutana kijiweni. "Mkongo mwenyewe kaniambia!" "Hata mimi, Mkongo mwenyewe!" Miaka minane wazee hawa wamekuja sokoni kwa baiskeli moja, Gharibu akiendesha, Shamsi nyuma kapakata chumvi. Sasa hawasalimiani. Baiskeli ni ya Gharibu. Juzi nilimwona Mzee Shamsi anakuja kwa miguu, mfuko wa chumvi kichwani, nikalia mpaka unga ukalowa. Sijamwambia mtu.

4. Siku moja nilijikaza nikamuuliza Mzee Shamsi habari za Katiba mpya ya Tanzania: serikali mbili au tatu? Akacheka. "Aa, mwanangu, muuza chumvi mimi, siasa nitaijulia wapi?" Basi muuza chumvi anaruhusiwa kutoijua nchi anamolala kila siku, ila muuza maandazi lazima aijue nchi aliyoiacha kabla hajaota meno.

Kwa hiyo naomba tangazo: ni marufuku kuuliza habari za Kongo hatua kumi kutoka kwenye karai. Kukiwa na upepo, hatua ishirini.

Ikishindikana, nifanywe balozi kamili, nipewe kiti na bendera, na baba mdogo Emile awe anajibu badala yangu. Naye hajui, lakini hasiti.

Hilo nalo likishindikana, naomba Ijumaa ya wiki hii ifutwe. Wazee wote wawili wameapa kuja siku hiyo niwaamue mbele ya watu.

Nisalimie kamati yote, Mama Rosa, na yule mbuzi wenu aliyekula daftari langu la Kifaransa. Nimemsamehe.

Ni mimi, kwa sauti ndogo,
Nsimire Wilondja.

Nyongeza: Ijumaa usiifute tena, imeshafika. Wamekuja, wakasimama mmoja huku, mmoja kule, watu wakajaa. Mdomo ukagoma, nikawapa barua hii. Mzee Gharibu akaisoma kwa sauti mpaka kwenye mfuko wa chumvi, akaishusha. Mzee Shamsi akasema, "Kumbe, bwege wewe, tumegombana kwa ajili ya shingo ya mtoto inayoitikia kila kitu!" Wakacheka, wakakaa benchi moja, wakaniapia hawataniuliza tena maisha yao yote.

Wakanywa chai kimya, kama wako msibani. Kimya kile, Mwenyekiti, kilinishinda. Nikajikuta nasema, "Mama anasema kule kwetu Fizi..." Vikombe vikawekwa chini. Sikunyamaza tena, na karai zima la maandazi limeungua.

Tangazo usiliweke. Kile kiti tu ndicho ninachokihitaji, maana benchi limejaa na bado sijamaliza.