Alasiri ya Tarehe Tisa

Jumatatu, 18 Septemba 2006
Nimeamua. Ratiba ya swala za Ramadhani itakayobandikwa msikitini kwetu Amani mwaka huu itakuwa yangu! Miaka ishirini wanabandika ya Ustadh Talal, anayepima kivuli kwa kijiti uani kwake. Mimi nimesomesha hisabati miaka thelathini na nne. Nina kompyuta. Nina lugha ya C ya kuandikia programu. Kamati ya msikiti itachagua Alhamisi.

Nimekutana na Talal sokoni Mwanakwerekwe. Kanambia niichunge kompyuta yangu isije ikafuturu kabla ya watu. Nimecheka kwa adabu.

Jumanne, 19 Septemba
Programu imekwisha kabla ya adhuhuri. Alasiri ndiyo iliyonipa kazi kidogo: nagawanya kwa urefu wa kivuli cha kijiti jua likiwa juu kabisa, kwa sentimita nzima. (Naam, kijiti. Lakini changu kimo ndani ya kompyuta.)

Binti yangu Asila, anayesomesha kompyuta, kaniuliza kama nimekagua vibendera. Nafafanua, kwa faida ya atakayesoma shajara hii baada yangu. Ukigawanya kwa sifuri, mashine haigombi wala haisimami. Inapandisha kibendera, yaani alama ya kosa, ndani kwa ndani, inaendelea na kazi. Ni juu yako kwenda kutazama.

Nimetazama. Kimoja kimepanda! Nimeongeza amri ya kuvishusha vyote mwisho wa hesabu, kisha nikakagua upya. Hakuna hata kimoja. Kazi safi.

Jumatano, 20 Septemba
Asila kaona nilivyofanya, kashika kichwa. Anasema vibendera hushushwa kabla ya hesabu, si baada; eti nimefuta ubao kisha nikauliza nani kakosea. Kaniomba angalau nisome ratiba nzima, mstari kwa mstari. Mistari thelathini! Nimemwambia mashine nshaiuliza, na imejibu hakuna kosa. Kaniambia, "Haya, Baba." Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 21 Septemba
Ushindi! Mwenyekiti, Bwana Borafya, kasifu jinsi mistari ilivyonyooka. Ya Talal ina doa la mchuzi.

Ijumaa, 22 Septemba
Baada ya swala watu wameizunguka ratiba. Muadhini wetu Mcha kaweka kidole kwenye tarehe 9 Oktoba, kauliza: Mwalimu, Alasiri hapa imeandikwa "inf", sasa niadhini saa ngapi?

Nimeeleza kwa utulivu. Siku hiyo jua linapita utosini kwetu. Kivuli ni sifuri. Kugawanya kwa sifuri kunatoa kisicho na mwisho, na mashine hukiandika hivyo, kwa kifupi cha Kiingereza.

Talal, kutoka nyuma: "Basi siku hiyo Magharibi haiji, Mwalimu? Tufunge mpaka kiama?"

Hata imamu kacheka. Borafya kaibandua yangu, kabandika ya Talal, pamoja na doa.

Jumapili, 24 Septemba
Funga ya kwanza. Nimetafakari sana. Kosa ni la jua.

Bi Khairat, mkuu wa madrasa ya Mtoni, ambaye Ijumaa hakuwepo, kanitaka nimtolee wastani wa mtihani kwa kompyuta. Kazi nyepesi: jumla ya alama za darasa, gawanya kwa idadi ya waliofanya. Madarasa sita. La sita walipata surua wote, hakufanya hata mmoja. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ntaanza na hilo. Ndilo rahisi kuliko yote.