Injini ya Jua na Mtani Wangu Sabiri

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Sola imeondoka. Nimeibadilisha kwa jirani na mtani wangu Sabiri, pamoja na betri yake. Yeye kanipa dishi kubwa la zamani la televisheni, silinda ya pikipiki na pistoni yake. Theodora nimemwambia nimeipeleka kwa fundi, waya umelegea. Hakuuliza fundi gani. Mke wangu akinyamaza hivyo huwa sipendi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ile sola niliichukia tangu siku ilipofika. Binti yetu Nyamizi aliituma kutoka Mwanza ili mama yake apate mwanga wa kushona jioni. Mama yake! Kwenye boksi liliandikwa jina la Theodora peke yake. Miaka ishirini na miwili nimekaa karakana ya reli, halafu taa ya nyumba yangu inatoka kwa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika bisibisi. Umeme wa nguzo niliukataa mwaka 2009, kwa sababu nguzo ilitaka kusimama kwenye mihogo yangu. Leo mtaa wetu wote wa Isevya unawaka. Mihogo ilikufa mwaka uleule.

Sasa naunda injini ya Stirling. Haili petroli, haitoi moshi. Dishi linakusanya jua kwenye kopo, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, inasukuma pistoni. Ikipoa inanywea, pistoni inarudi. Gurudumu linazunguka, dainamo inatoa umeme. Basi! Theodora nimemweleza kuwa aliyeibuni alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti. Akasema mchungaji huyo labda alikuwa na muda.

Nyamizi anakuja Jumamosi. Akikuta giza, nimekwisha. Akikuta taa inayowaka kwa injini ya baba yake, nani atauliza sola iko wapi?

Na sola yenyewe sijaipoteza. Sabiri ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu enzi za wapagazi, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Mtani akichukua kitu chako, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Mwaka juzi Sabiri alinichukulia jogoo mchana kweupe, nikacheka kwa meno. Injini ikishawaka nitapanda paa lake, nitachukua sola, na yeye atacheka. Dishi langu, sola yangu. Akili kama hii mtaani hapa hawana.

Jumanne, 3 Septemba

Nimelibandika dishi vipande vya kioo. Kioo kilikuwa cha kabati la Theodora. Aliuliza atajitazama wapi. Nikamwambia mimi nipo, nitamwambia alivyo. Akaenda sokoni na michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kuaga.

Maungio ya kopo yalikuwa yanavujisha hewa. Nikayaziba kwa nta ya nyuki, nta safi ya Sikonge. Babu zangu waliziba kila kitu kwa nta: ngoma, mizinga, vibuyu. Nikageuza dishi kwenye jua. Dakika mbili tu, nta ikawa uji na kumwagikia kiatu changu. Harufu ilikuwa nzuri sana. Nyuki nao waliipenda. Walikuja kundi zima!

Nimeumwa shingoni mara tano, na sikio la kulia. Sabiri aliegemea uzio akauliza kama naunda injini au mshumaa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba karakana ya reli mimi nilikuwa stoo, kazi yangu ilikuwa kugawa spana. Nilicheka. Ndiyo utani. Lakini nilikuwa nagawa spana sahihi, na hilo hakuna anayelisema.

Jumatano, 4 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeungua kwenye kopo.

Theodora ana majoho kumi na mawili ya kwaya ya Kanisa la Moraviani, yanatakiwa Jumapili asubuhi. Mchana yuko sokoni, hivyo hushona jioni. Tangu juzi anashona kwa tochi, ameibana begani kwa kidevu. Joho lililokwisha kufuliwa alikuwa amelianika kwenye kamba, hatua moja na dishi langu.

Maungio nimeyaziba upya kwa gasketi ya kweli. Nikaingia ndani kunywa uji. Niliporudi, jua lilikuwa limesogea, na ule mwanga nao ulikuwa umesogea. Ulikuwa umetoka kwenye kopo na kukaa mgongoni mwa joho. Tundu kubwa kama sahani ya wali!

Theodora aliporudi alilishika joho juu, akanitazama kupitia lile tundu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hili ni la Apolinaria, mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye huimba mstari wa mbele. Nikamwambia mstari wa mbele mgongo hauonekani. Alichukua tochi akaenda kushonea jikoni.

Najua nimekosa. Nilitaka kusema hivyo, mlango ukawa umefungwa.

Alhamisi, 5 Septemba

IMEZUNGUKA!

Saa saba na robo mchana. Kopo lilipata moto, upande wa pili nikaufunika gunia lililoloa. Nikalisukuma gurudumu la baiskeli kwa kidole. Likasita, likapumua, kisha likashika. Tiki, tiki, tiki. Dainamo ikalia. Taa ikawaka! Mimi Lugembe, mtu wa stoo, nilisimama uani kwangu nikalia machozi, na siyo ya nyuki.

Nilimkimbilia Theodora sokoni, nikamshika mkono, akaacha michembe yake kwa jirani. Alisimama mbele ya taa. Jua lilikuwa kali la kuchoma utosi. Akauliza hiyo taa inamulika nini. Nikamwambia inamulika. Akasema hapo alipo anaona vizuri hata bila hiyo taa, shida yake ni jioni. Akauliza jioni inakuwaje.

Jioni.

Jua lilipozama injini ilikata roho. Bila shaka! Umeme wa mchana unawekwa kwenye betri, unatumika jioni. Na betri nilimpa Sabiri.

Basi kesho ndiyo kesho. Nachukua sola na betri kwa pamoja.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimefanya kila kitu kwa haki ya utani. Sabiri alikuwa msikitini kwa swala ya Ijumaa. Nilipanda paa lake kwa ngazi yake mwenyewe. Sikunyata kama mwizi. Nilisimama juu ya bati nikapaza sauti: mtani, nimechukua! Watu kama kumi walinisikia. Wengine walipiga makofi. Nikashuka na sola kichwani, betri mkononi.

Sabiri alirudi, akatazama paa, akaja uzioni. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliuliza kwa upole kama nimechukua kama mtani. Nikamjibu ndiyo, na wewe kama Mzaramo huna la kufanya. Akasema sawa. Akapangusa kofia yake, akaelekea kwa mwenyekiti Apolinaria.

Kwa nini alipangusa kofia?

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi niliitwa ofisi ya mtaa. Mashtaka: wizi wa sola na betri. Nikacheka kwa sauti. Nikaeleza habari za utani, wapagazi, pembe, pwani. Nilieleza vizuri. Mashahidi wote kumi wakakubali kwamba nilipaza sauti juu ya paa. Apolinaria akamgeukia Sabiri, akamuuliza ana neno gani dhidi ya utani.

Sabiri akasema yeye si Mzaramo.

Alizaliwa Bagamoyo, ndiyo. Mama yake Mzaramo, ndiyo. Lakini baba wa baba yake alikuwa mpagazi Mnyamwezi kutoka Usinge, jina lake Lukumani. Alibeba pembe hadi pwani akaoa, hakurudi tena.

Lukumani! Ndugu wa tumbo moja wa Mahona, baba wa babu yangu! Kwetu tulimlilia Lukumani vizazi vinne. Tulisema kaliwa na simba Ugogo. Kumbe alikuwa Bagamoyo anakula samaki.

Nilisema hadithi hiyo kaiokota kwangu, maana nimeisimulia mtaa mzima. Sabiri akainua mkono wa kushoto, akasema Mahona alikuwa na kidole cha sita, hapa, kando ya kidole cha mwisho. Hilo la kidole ni siri ya ukoo. Hata Theodora sijawahi kumwambia.

Nikauliza kwa nini miaka yote alikubali kuitwa mtani. Akasema jogoo alikuwa mtamu.

Apolinaria akahesabu vizazi kwa vidole. Sabiri yuko ngazi ya baba yangu. Ni baba yangu mdogo. Ana miaka hamsini na minne, mimi sitini na mmoja! Utani hakuna. Nimemwibia baba. Sola na betri zirudi kwake, maana tulibadilishana kwa hiari, na mimi nimwamkie. Mbele ya watu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu.

Na nani alikuwa amesimama mlangoni na begi? Nyamizi, ametoka stendi moja kwa moja. Pembeni yake Theodora. Walisikia yote.

Nilimgeukia Theodora nieleze habari za fundi na waya. Akaniambia nisijichoshe. Tangu Jumatatu jioni aliiona sola yake juu ya paa la Sabiri. Siku tano alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe. Alisema angenisamehe Jumatatu. Hata Jumatano, na joho mkononi, angenisamehe.



Nyamizi hakunitazama. Alimpigia Sabiri goti, shikamoo babu. Kisha akainuka akicheka. Akasema kama wewe ni babu, mimi ni mjukuu, na babu na mjukuu ni watani. Akatoka, sisi wote nyuma yake kama msafara, hadi kwa Sabiri, ambako vijana walikuwa wamesharudisha sola na betri. Akachukua sola. Akachukua betri. Akachukua na mkungu wa ndizi uliokuwa ukumbini! Sabiri akashika mbavu, akamwita Nyamizi mkewe mdogo, akamwambia kitanda kimebaki, asikisahau. Mtaa mzima ulicheka.

Mimi peke yangu sikucheka.

Jumapili, 8 Septemba

Majoho kumi na mawili yameimba. La Apolinaria lina kiraka mgongoni chenye umbo la msalaba. Watu waliuliza, na wengine wakaagiza kama hilo.

Sabiri alialikwa chakula cha mchana. Amefunga sola juu ya bati letu yeye na Nyamizi, mimi niliwashikia ngazi. Theodora alichinja kuku. Firigisi ikawekwa kwenye sahani ya Sabiri. Miaka thelathini na minne firigisi ya nyumba hii ni yangu! Nikamtazama Theodora. Akasema wakubwa kwanza.

Jioni alishona kwenye mwanga. Niliketi karibu. Nilimwambia nimekosa. Akasema amesikia, akaomba nimsogezee uzi mweupe.

Jumatatu, 9 Septemba

Nyamizi ameondoka alfajiri. Aliniaga vizuri, hata akalisukuma gurudumu langu kwa kidole likazunguka kidogo. Aliuliza kwa nini dishi halifuati jua. Swali zuri sana. Huyo ni mtoto wangu.

Nimewaza asubuhi nzima. Dishi likifuata jua, injini haitasimama tena na joho haliungui. Linataka tu fremu nyepesi, imara, ya alumini, ya mstatili. Vipimo nimevichukua kwa macho kutoka hapa uani. Fremu ya ile sola inatosha kabisa, kama vile ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Fremu tu! Sola yenyewe nitaiacha palepale juu ya bati, nitaifunga kwa kamba. Theodora yuko sokoni. Hataona tofauti.

Ngazi iko kwa Sabiri. Nyamizi aliirudisha huko kwa makusudi, naona. Nimevaa shati safi. Nimefanya mazoezi mbele ya kipande cha kioo kilichobaki: shikamoo, baba mdogo, naomba ngazi. Mara ya tatu imetoka bila kusaga meno.