Malalamiko Kuhusu Uvimbe Uliopatikana Kabla ya Harambee

Kwa Msimamizi Mkuu wa Hospitali,

Natumai hujambo pamoja na wauguzi wako. Sisi wa Kaptembwo hatujambo, isipokuwa mpwa wangu Valarie, ambaye tumbo lake ndilo limenifanya nishike kalamu kwa hasira.

1. Kabla ya kuja kwenu, tumbo hilo lilikuwa na majibu mengi. Nyanya yake alisema minyoo, mwenye duka la dawa akasema vidonda, mimi nikasema peremende. Kila mtu alikuwa na lake na tuliheshimiana. Kisha Daktari Chelagat akamlaza mtoto usingizi, akampitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera na altrasaundi kwenye ncha, akatuonyesha uvimbe ndani ya ukuta wa tumbo. Sote tukawa tumekosea, hata Nyanya.

2. Altrasaundi tunayoijua hupitishwa juu ya ngozi. Daktari anadai kwamba kutoka nje aliona kivuli tu, na kwamba uvimbe wa aina hii ni nadra kwa watoto, kwa hivyo haufai kubahatishwa. Mimi nimebahatisha maisha yangu yote na sijawahi kulazwa.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Ugonjwa mkubwa hutibiwa India, hilo hata mtoto analijua. Tulishaunda kamati ya harambee ya kuchanga nauli, nikachaguliwa mwenyekiti. Fulana zimechapishwa uso wa Valarie na maneno "Twende India". Mgeni wa heshima amekubali kuja Jumamosi. Ndipo daktari anasema uvimbe haujasambaa, na utatolewa papa hapa Nakuru, Jumanne, siku nne kabla ya harambee. Nimwambie nini mgeni wa heshima, kwamba safari ya ng'ambo imeishia ghorofa ya pili?

4. Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu, barua yenye muhuri isemayo ugonjwa umewashinda. Iwe ya hadi Jumapili tu. Baada ya hapo mnaweza kuuweza tena.

Nisalimieni wauguzi, walinzi wa lango, na mama wa jikoni, ambaye chai yake haina lawama.

Wenu katika kamati,
Sitati Makhanu,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Leo ni Jumatano. Uvimbe umetoka wote. Naleta barua hii kwa sababu tu muhuri wa kamati ulishagongwa. Asubuhi Valarie alifungua macho, akatuona tumezunguka kitanda na fulana zetu, akauliza kama tumefika India. Nilimwambia tumefika, kisha nikatoka nje nikalia mbele ya walinzi. Ile barua ya kushindwa msiiandike, hata mwenyekiti akija kuiomba mwenyewe.