Mbwa wa Alhamisi

Jumatatu, 6 Novemba
Theluji yenye mvua. Goti linauma. Ngazini wamebandika tangazo: manispaa italeta mbwa wa kuwatembelea wazee, nusu saa kila Alhamisi. Eti mbwa hushusha presha, humtoa mtu kitandani, humpa wa kuzungumza naye. Nafasi kwa jengo letu ni moja! Atapewa aliye mpweke kuliko wote. Tangu mke wangu Borghild afariki, miaka minne sasa, sijashinda kitu chochote. Huyu mbwa ni wangu.

Tatizo ni Aslaug wa ghorofa ya juu. Naye kaomba. Ana miaka themanini na mmoja, mjane vilevile. Kila siku saa tano hushuka kwangu kunywa kahawa na kunidanganya kwenye karata. Sasa anataka na mbwa.

Jumanne, 7 Novemba
Mpango uko tayari. Bibi wa manispaa, Ingvild, anakuja Alhamisi kutupima upweke. Anahesabu wageni kwa wiki. Nimehesabu wangu: saba, na wote ni Aslaug. Hao wataniangusha.

Nikamwambia Aslaug asije tena, nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema kazi zangu. Alinitazama, akamaliza kahawa yake taratibu, akapanda ngazi. Kikombe chake nimekificha nyuma ya mfuko wa unga.

Alhamisi, 9 Novemba
Nilimpokea Ingvild na ndevu za siku tatu na taa moja tu. Nikawa napumua kwa huzuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposema kuna jirani ameandika kwamba hunywa kahawa kwangu kila siku. Kumbe yule mwanamke kajaza ukweli! Nani hujaza ukweli kwenye fomu? Nikasema huyo huja kuazima sukari tu, hatuna urafiki.

Ingvild akaandika, kisha akapanda juu kuhakikisha. Nilisimama ngazini nikitega sikio. Sauti ya Aslaug ikanifikia vizuri.

"Kama Oddbjørn amesema hivyo, basi ndivyo," akasema. "Mpeni yeye huyo mbwa."

Ushindi! Ila chakula cha jioni hakikushuka. Nadhani ni yule samaki.

Alhamisi, 16 Novemba
Mbwa kafika. Anaitwa Pontus, mnene, na aliyemleta ni Ragnhild, dereva mstaafu wa basi la shule. Pontus alinusa kile kiti cha dirishani alichozoea kukalia Aslaug, akajilaza chini yake, akalala dakika ishirini na mbili. Nilizihesabu. Muda huo wote Ragnhild alinisimulia habari za mguu wake. Alipoamka, Pontus aliweka kichwa gotini pangu, kina joto, na kwa kitambo hicho sikuwaza lolote baya. Halafu muda ukaisha.

Nikapima presha. Imepanda. Zimebaki saa mia moja sitini na saba na nusu mpaka aje tena.

Jumapili, 19 Novemba
Siku kumi na mbili, Aslaug hajashuka. Namsikia akitembea juu ya kichwa changu. Huku kwetu mtu habishi hodi bila kualikwa, na aliyeambiwa asije haji mpaka aambiwe njoo. Mimi nami siwezi kumwambia njoo. Itaonekana namhitaji.

Basi ujanja. Nikaoka vafla, vile vikeki bapa vya maziwa na mayai, mlango nikauacha wazi ili harufu ipande. Jibini la kahawia mezani, vikombe viwili. Nikaenda kusimama dirishani kama mtu asiyemngoja yeyote. Vafla zikaungua! King'ora cha moshi kikalia jengo zima. Kjell wa ghorofa ya chini akapanda mbio na ndoo ya maji. Aslaug alichungulia kutoka juu, akaona siungui, akafunga mlango wake.

Nilizila zile zilizoungua peke yangu. Nisijidanganye humu daftarini: nilitamani sana ashuke.

Jumatano, 29 Novemba
Gari la kuhamisha vyombo mlangoni. Aslaug anahamia Bodø, mji wa kaskazini kabisa, kwa mwanawe. Nilishuka kutupa taka mara tatu, mara mbili mfuko ukiwa mtupu. Mara ya tatu tukakutana. Nikamwambia Bodø kuna giza sana miezi hii. Akasema hata hapa.

Kisha akavaa glavu zake, akaniambia, "Mzee wewe, hata baada ya kunikataza, kila siku saa tano nilikuwa nashuka mpaka mlangoni kwako. Nasimama pale nangoja useme njoo."

Nikajibu sikumsikia. Akasema anajua, kwa kuwa hakubisha. Gari likaondoka.

Alhamisi, 30 Novemba
Juu kimya kabisa. Pontus hakuja, mguu wa Ragnhild umevimba. Nimepika kahawa ya watu wawili, kwani mkono haujazoea kupika ya mmoja. Nimelia kidogo.

Baadaye akili ikarudi. Wageni kwa wiki: sifuri! Na safari hii ni kweli tupu. Nimemwandikia Ingvild kuomba nusu saa ya pili. Anayeniharibia sasa ni Kjell. Tangu siku ile ya moshi hunisimamisha ngazini kunijulia hali, na leo kanialika Jumapili kwake, mkewe anapika kondoo na kabichi. Nimemkatalia palepale, na nimemwomba asinisalimie tena mpaka Ingvild awe ameshapita.