Ndoo Mia za Mto Mara

Jumanne, 8 Julai 2025. Buswahili.

Kiangazi kimekaza. Vitunguu vyangu vinalala chini kama walevi.

Leo kaja Onesmo, kijana wa ofisi ya bonde, wale wanaosimamia maji ya mto, na tableti yake. Anaandika nani anachota Mto Mara, tangu mwaka gani, ndoo ngapi kwa siku. Wanapanga mgawo wa mto mzima. Akasema ukame ukija, watumiaji wa zamani watangulie, na kila mtu apewe kwa kadiri alivyozoea kuchota.

Bustani hii inalisha wajukuu wanne. Mama yao yuko kaburini. Nikinyimwa mto, hawa wanakula nini?

Mimi ni mtu wa ndoo arobaini. Nikamwambia mia. Sokoni Bunda usipotaja mia hupati arobaini! Nikangoja anipunguze. Hakupunguza. Akaandika mia, akashukuru. Hata kuguna? Kijana amelelewa wapi huyu?

Tangu lini? Niliolewa hapa mwaka wa kuhamishiwa vijijini, 1974. Nikasema tangu mvua za Uhuru. Akaandika 1962. Mimi shule sikwenda, herufi alinifundisha katekista, lakini 1962 naona ni mwaka mzuri.

Alhamisi, 10 Julai.

Kwa jirani yangu Naomi, na sato wawili wa kukaanga. Ili afunge mdomo. Yeye kamwambia Onesmo ukweli: arobaini, tangu 1974. Basi tu, hivyo hivyo! Mwanamke hana akili ya soko hata kidogo.

Tuliletwa wote hapa maharusi msimu mmoja. Miaka hamsini tunagombana nani alitangulia. Akaahidi kunyamaza. Samaki wangu kala mpaka vichwa.

Ijumaa, 11 Julai.

Aibu. Aibu tupu.

Mkutano ofisi ya kata. Onesmo anasoma orodha. Gati, ndiye mimi, yupo tangu 1962. Naomi, tangu 1974. Akatania, eti basi Bibi Naomi amwamkie mkubwa wake.

Naomi akasimama. Mafuta ya sato wangu bado yako mdomoni!

"Nimwamkie Gati? Huyu aliletwa wiki tatu nyuma yangu, analia kamasi, na kitanda cha kamba kichwani."

Watu wakacheka mpaka mzee Machibya akakohoa. Onesmo akaomba kitambulisho changu. Nimezaliwa 1956. Akauliza taratibu kama niliolewa na miaka sita. Nikamwambia zamani tulikuwaga tunakua haraka.

Akafuta. Akaandika 1974.

Mia ikabaki. Na hapo ndipo msiba. Anayezidi ndoo sitini ni mkulima mkubwa! Afunge mita ya maji, asichote tone mpaka kibali kitoke Musoma. Mimi mkulima mkubwa, na kandambili nimeshona kwa waya.

Mwenye kosa la kusahihisha aende ofisini Butiama Jumatatu. Baada ya hapo daftari linafungwa miaka mitano.

Jumatatu, 14 Julai. Butiama.

Sikulala. Nimewaza sana. Kosa langu nimeliona: nilianza juu kama muuzaji. Mto si wangu, kwa hiyo mimi ni mnunuzi. Mnunuzi anaanza chini, mwenye mali anapandisha, mnakutana katikati.

Onesmo kanipa kiti, kanipa na chai. Mtoto mzuri, sikatai. Akanisihi nitaje idadi ya kweli tu, yoyote ile, hatanigombeza.

Nikasema tatu.

Akainua macho. "Tatu, Bibi? Kwa bustani nzima?"

Eeh, nikajua biashara imeanza. Nikakaza uso.

"Tatu. Na siongezi."

Akaandika tatu. Akagonga muhuri.

Nikangoja apandishe. Nikamaliza chai nangoja. Akaniuliza kama nina shida nyingine.

Jumatano, 16 Julai. Buswahili.

Leodgar, mlinzi wa mto, kanihesabia. Moja, mbili, tatu, Bibi rudi nyumbani. Tatu hazitoshi hata tuta moja. Mchicha umekauka, unalia kama karatasi. Jana watoto wamekula ugali na chumvi. Yule mdogo kauliza mboga imeenda wapi. Nimejifanya naangalia moshi.

Nikaenda kwa Naomi. Akasema atanigawia kumi katika arobaini zake, kila asubuhi, ila nimwamkie kwanza. Mbele ya watu wote mtoni.

Nikatazama maji. Nikatazama Leodgar anavyojizuia kucheka.

"Shikamoo, Naomi."

Hakuwa na haraka. Miaka hamsini ameingoja.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Kisha akajitwika ndoo ya kwanza yeye mwenyewe, akaipeleka mpaka kwenye matuta yangu, na mgongo wake ule mbovu. Nimelia, lakini kwa hasira.

Miaka mitano si mingi. Onesmo atarudi, na sasa ujinga wangu nimeujua. Mia ilikuwa ndogo, ndiyo maana hakuona haja ya kupunguza. Nitataja mia tatu.