Ombi la Kunyooshwa kwa Tenki la Duara

Ndugu Meneja wa Karakana,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa meza yangu na ofisi yako zinatenganishwa na pazia tu.

Jana uliniagiza nitie sahihi kwamba rangi ya tenki jipya la maji imekaa sawasawa pande zote. Nisipofanya hivyo kufikia saa kumi leo, nifungashe virago. Nimelizunguka mara kumi na tisa. Nimeshindwa kusaini, kwa sababu hizi:

1. Tenki halina pande. Fomu inadai mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kila nikifika kulia, nikipiga hatua moja tu, niko nyuma.

2. Fundi rangi alisimama mahali pamoja, akapunga bomba la kupulizia kama anayeaga wageni. Katikati, tumbo la tenki linapomkaribia, rangi imejaa hadi inachuruzika. Pembeni, tenki linapomkimbia, limefikiwa na vumbi tupu la rangi. Nilimwomba alizunguke, mkono ubaki umbali uleule. Akanijibu mbele ya watu, "Karani mdogo wangu, wewe paka wino, rangi niachie mimi." Wakacheka wote, hata mlinzi.

3. Hata hivyo, mkosaji si fundi, ambaye ni shemeji yako na simlaumu hata chembe. Mkosaji ni duara. Naomba tenki linyooshwe, liwe bapa kama mlango. Najua halitaweka maji, lakini fomu haina kisanduku cha maji.

4. Baada ya tenki, zifikiriwe ndoo, mitungi ya gesi na, kwa unyenyekevu mkubwa, helmeti yako. Fundi huyohuyo aliipaka, na ina mabaka ambayo ofisi nzima tumekubaliana kutoyaona.

Nisalimie shemeji, wachomeleaji, na mama wa usafi anayeniombea.

Wako mtiifu, hadi saa kumi,
Karani wa Ukaguzi (katika majaribio)

Tanbihi: Nikiwa naandika, mama wa usafi alimwambia fundi yaleyale niliyomwambia mimi, naye akamsikiliza. Fundi amelipiga tenki msasa, akalizunguka polepole, tabaka jembamba juu ya jingine. Rangi imekaa sawasawa kote, licha ya duara. Sikuyaamini macho, nikahakikisha kwa kiganja. Kumbe bado mbichi. Fomu nimeisaini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshasaini tenki.